Nchi ikishajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni nini hasa kinachobadilika?

Swali: Mwalimu wa Kalemie

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nafundisha historia na elimu ya uraia katika shule ya sekondari mjini Kalemie, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na mwaka huu nimepangiwa somo la ushirikiano wa kikanda. Nchi yangu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikubaliwa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 29 Machi 2022, ikatia saini Mkataba mwezi uliofuata, na ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Tarehe hizo wanafunzi wangu wanazijua kwa moyo. Wanachoniuliza ni kingine kabisa: kama sisi ni wanachama, mbona mizigo inayotoka Kigoma inapokelewa bandarini kwetu kwa taratibu zilezile za zamani, na mbona wazazi wao wanaofanya biashara hawaoni tofauti yoyote katika yale wanayolipa?

Naomba msaada wa wenye uzoefu. Nchi inapoingia katika jumuiya ya namna hii, ambayo haikuishia kwenye biashara bali imejiwekea shirikisho la kisiasa kuwa lengo lake la mwisho, ni mamlaka gani inayaachia na ni yapi inabaki nayo? Nani anapanga ushuru tangu siku hiyo? Je, raia wa nchi nyingine mwanachama anaweza kuja kudai haki ya kununua ardhi yetu? Na liko swali ambalo hata wazazi huniuliza kwa uchungu: kama majirani zetu sasa ni wanachama wenzetu, mbona vita havikukoma? Sitafuti majibu ya kusifu wala ya kulaani. Nataka kuuelewa utaratibu wenyewe ili nisiwapotoshe vijana.

Jibu: Wakala wa forodha, Kigoma

Mwalimu, nimefurahi kuliona swali hili, kwa sababu mizigo unayoitaja ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Chukua mashua moja iliyobeba saruji iliyotengenezwa Tanzania pamoja na mchele ulionunuliwa Asia na kupitishwa Dar es Salaam. Machoni pa mtu aliyesimama gatini, yote ni mizigo ya Tanzania. Katika karatasi zangu ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Saruji inaweza kuombewa cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati inayomtaja msafirishaji, mpokeaji, maelezo ya bidhaa na kigezo kilichotumika kuthibitisha kwamba imezalishwa ndani ya Jumuiya, kisha ikagongwa muhuri na mamlaka husika. Mchele ule hauwezi kukipata, kwa kuwa kupita katika bandari ya nchi mwanachama hakuubadilishi asili yake; huo unasafiri kama mzigo unaopita tu kwenda nchi nyingine. Wafanyabiashara wengi huvunjika moyo hapo, kwa maana waliambiwa kwamba uanachama unaondoa ushuru, lakini hawakuambiwa kwamba unaondolewa kwa bidhaa zenye uasili wa Jumuiya peke yake, na kwa nchi zilizokwisha kuanza kutekeleza Umoja wa Forodha.

Hilo la mwisho ndilo jibu la wanafunzi wako. Kuingia katika Jumuiya ni hatua moja, na kuanza kutekeleza Umoja wa Forodha ni hatua nyingine, ambayo inahitaji sheria za ndani zirekebishwe, mifumo ya kompyuta ya forodha isomane na ya majirani, na maofisa wafundishwe upya. Rwanda na Burundi zilikuwa wanachama kamili kuanzia tarehe 1 Julai 2007, lakini zilianza kutumia Viwango vya Pamoja vya Ushuru wa Forodha Julai 2009. Hizo ni nchi ndogo. Kongo ina mipaka na nchi tisa, na nyingine kati ya hizo hazimo katika Jumuiya, kwa hiyo kutegemea kwamba mambo yangebadilika mara baada ya saini ni kutegemea lisilowezekana.

Sasa niseme kuhusu anayepanga ushuru. Umoja wa Forodha ulianza kazi mwaka 2005, na kiini chake ni kwamba nchi zote zinatoza bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya kwa viwango vilevile: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu tarehe 1 Julai 2022 kimeongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35. Juu ya hivyo ipo orodha ya bidhaa nyeti, ambazo hutozwa zaidi ili kuwalinda wazalishaji wa ndani. Mchele, kwa mfano, umewekewa asilimia 75. Maana yake ni kwamba waziri wa fedha wa nchi mwanachama hawezi tena kuamka na kupandisha au kushusha ushuru wa forodha kwa uamuzi wake peke yake. Ni lazima apeleke hoja yake kwa mawaziri wenzake.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Kila mwaka, bajeti za nchi wanachama zinapokaribia kuanza kutumika, hutoka Gazeti la Jumuiya lenye orodha ndefu ya bidhaa ambazo nchi fulani imeruhusiwa kuzitoza tofauti na viwango vya pamoja kwa muda wa mwaka mmoja. Sisi mawakala hulisubiri gazeti hilo kwa hamu kuliko tangazo jingine lolote, kwa sababu mstari mmoja ndani yake unaweza kubadilisha hesabu ya shehena nzima. Kwa maoni yangu orodha hizo zimekuwa ndefu mno, na zinawanyima wawekezaji uhakika waliouahidiwa. Lakini pia ni ushahidi kwamba serikali hazikukubali kuachia kalamu yote.

Wafanyabiashara wadogo nao wasisahauliwe. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu wa cheti cha uasili kilichorahisishwa, ambacho hutolewa mpakani kwa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Mama anayevuka na magunia machache ya mahindi hahitaji kumlipa wakala kama mimi. Mkianza utekelezaji, wafundisheni wazazi jambo hili kabla ya mengine yote, kwa maana asiyejua kwamba cheti hicho kipo ndiye anayepita njia za panya na kunyang'anywa mali yake.

Jibu: Wakili, Arusha

Mwalimu, ndugu Wakala amelieleza vizuri suala la ushuru, nami nitajibu suala la mamlaka na ardhi.

Mkataba wa kuanzishwa kwa Jumuiya ulitiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Kifungu cha 8 kinasema kwamba vyombo, taasisi na sheria za Jumuiya zitakuwa na nguvu kuliko zile za nchi mwanachama zinazofanana nazo, katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Jumuiya haikupewa mamlaka juu ya kila kitu. Imepewa yale ambayo nchi zenyewe zimeyaorodhesha na kuyakubali. Sheria zenu za ndoa, za mirathi au za makosa ya jinai hazikuhamia Arusha.

Ardhi ndiyo hofu ninayoisikia kila mahali, na hapa jibu lake ni fupi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaeleza katika Kifungu cha 15 kwamba umiliki na matumizi ya ardhi na majengo yataongozwa na sera na sheria za kila nchi mwanachama. Anayewaambia wanafunzi wako kwamba uanachama unampa mgeni haki ya kuchukua shamba la babu zao anasema jambo lisilokuwamo katika Itifaki. Uhuru wa kufanya kazi nao una mipaka yake: kila nchi iliambatisha jedwali linaloonyesha ni aina gani za wafanyakazi itawapokea na tangu lini, na majedwali hayo hayalingani. Nchi iliyofungua kidogo ilifanya hivyo kwa ridhaa ya wenzake wote.

Kinachobadilika kwa kina zaidi, na ambacho watu hukizungumzia mara chache, ni kwamba raia anapata mahali pa kuishitaki serikali yake nje ya mipaka ya nchi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 30, mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama anaweza kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki akidai kwamba sheria, kanuni au kitendo cha serikali kinakiuka Mkataba. Halazimiki kwanza kumaliza ngazi zote za mahakama za nchi yake. Kinachowaponza wengi ni muda: anatakiwa kufungua shauri ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitendeke au tangu alipokifahamu, na mahakama hiyo imekuwa kali sana katika kuhesabu siku hizo.

Mashauri yenyewe yameacha alama. Novemba 2006 mahakama ilizuia wabunge 9 wa Kenya wasiapishwe katika Bunge la Afrika Mashariki hadi uhalali wa namna walivyopatikana uamuliwe. Mwaka 2014 ilizuia Tanzania isijenge barabara ya lami kukatiza Hifadhi ya Serengeti. Mwaka 2015 iliamua kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya vyombo vya habari ya Burundi vilikiuka Mkataba, katika shauri lililofunguliwa na umoja wa waandishi wa habari wa nchi hiyo. Niliposoma hukumu hiyo ya Burundi nilitambua jinsi nchi inavyojifunga kwa saini yake: maneno ya jumla kuhusu demokrasia na utawala wa sheria, ambayo huenda watia saini waliyaona kuwa ya heshima tu, yaligeuka kipimo cha kisheria.

Kuhusu uamuzi wa kisiasa, Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano, na kila nchi hupeleka wabunge 9 wa kuchaguliwa bila kujali idadi ya watu wake. Kongo na Burundi ziko sawa mezani. Nchi ndogo hupata hapo sauti ambayo isingeipata penginepo, na nchi kubwa hulalamika. Lile shirikisho la kisiasa bado liko mbali. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali kwamba muungano ambao kila nchi inabaki na mamlaka yake uwe hatua ya mpito. Sarafu moja nayo, iliyotarajiwa mwaka 2024 kwa mujibu wa itifaki ya 2013, imesogezwa hadi 2031.

Mwalimu wa Kalemie

Nawashukuru sana, ndugu Wakala na ndugu Wakili. Mmenipa vifungu vya kuwasomea wanafunzi, na suala la ardhi limenipunguzia mzigo mkubwa.

Bado kuna jambo linanisumbua. Nchi yetu ina viwanda vichache vinavyotengeneza bidhaa za kumfikia mlaji. Kenya, Uganda na Tanzania zinavyo vingi kuliko sisi. Tukifungua mipaka kikamilifu, je, hatutakuwa soko la wenzetu tu?

Jibu: Mkufunzi wa uchumi, Bujumbura

Mwalimu, hofu hiyo ina historia, na historia yenyewe ilikwisha kuiua Jumuiya mara moja. Ile ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1967 na Kenya, Uganda na Tanzania, ilivunjika mwaka 1977. Wengi hutaja ugomvi wa Nyerere na Idi Amin pamoja na tofauti kati ya ujamaa wa Tanzania na ubepari wa Kenya, na ni kweli mambo hayo yalichangia. Lakini malalamiko ya msingi yalikuwa ni kwamba viwanda vilijikusanya Kenya, na wenzake wakawa wanunuzi. Waanzilishi waliliona tatizo hilo mapema. Mkataba wa 1967 uliruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu kwa baadhi ya bidhaa za viwandani kutoka Kenya ili kuvipa viwanda vyao nafasi ya kukua. Dawa haikutosha. Baada ya kuvunjika, kugawana mali na madeni kuliendelea hadi mwaka 1984, chini ya usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi.

Jumuiya ya sasa ilijifunza kitu. Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005, bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru mara moja, ilhali baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa zikiingia katika nchi hizo mbili, kwa kiwango kilichopungua kila mwaka hadi kikaisha mwaka 2010. Mpito wa namna hiyo ndio ambao nchi inayoingia inapaswa kuupigania kabla ya kuanza utekelezaji, si baada yake. Wajumbe wanaokwenda Arusha bila takwimu za viwanda vyao wenyewe hurudi na ratiba iliyoandikwa na wengine.

Ndugu Wakala ameeleza ushuru kwa upande wa mfanyabiashara. Mimi nautazama kwa upande wa hazina. Nchi nyingi za ukanda wetu hukusanya sehemu kubwa ya mapato mipakani, kwa sababu ni rahisi kuizuia lori kuliko kukagua vitabu vya kampuni. Ushuru kwa bidhaa za majirani ukiondoka, serikali inalazimika kujifunza kutoza kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya mapato ipasavyo. Sisi wa Burundi tulianza kutumia kodi ya ongezeko la thamani Julai 2009, mwezi uleule tulioanza viwango vya pamoja. Halafu kuna michango: Mkataba uliweka msingi wa nchi zote kuchangia bajeti ya Jumuiya kwa usawa, jambo ambalo kwa nchi maskini ni mzigo halisi, na ucheleweshaji wa michango umekwamisha shughuli za vyombo vya Jumuiya zaidi ya mara moja.

Tulibeba pia gharama isiyoandikwa katika bajeti yoyote. Watumishi wetu wa serikali, waliosoma na kufanya kazi kwa Kifaransa, walijikuta wakijadiliana vifungu vya sheria kwa Kiingereza na wanasheria waliokulia katika mfumo wa Kiingereza. Katika mijadala ya namna hiyo mwenye lugha ndiye mwenye rasimu, na mwenye rasimu hupata anachokitaka. Kongo itakutana na jambo hilohilo, na ninaona kwa dhati kwamba kuwaandaa wataalamu wachache mahiri kungewafaa kuliko misafara mikubwa ya viongozi.

Kuhusu kuwa soko la wengine, ningependa pia utazame mitaji. Benki ya Equity ya Kenya ilikuwa imeingia Kongo tangu mwaka 2015, na ikainunua Banque Commerciale du Congo mwaka 2020, kabla hamjajiunga. Mitaji yenye nguvu haikusubiri Mkataba. Uanachama unaipa kanuni, na unakupa wewe mahali pa kulalamika.

Lakini sitaki uamini kwamba umoja huu husimama imara kila unapojaribiwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi walikubaliana kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ili kufufua viwanda vya nguo. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za soko zilizokuwa zikitolewa chini ya AGOA, sheria yake iliyoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hizo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mkataba wa kibiashara na Umoja wa Ulaya: Kenya na Rwanda zilitia saini mwaka 2016, Tanzania ikakataa kwa hoja za kulinda viwanda vyake, na mwishowe Kenya ikasaini wake peke yake Desemba 2023. Hata ndani kwa ndani, mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Mkataba ulikuwepo siku zote hizo.

Jibu: Wakili, Arusha

Mwalimu, naona swali lako la vita limebaki bila jibu, na silipendi jibu nililonalo, lakini ni wajibu wangu kulitoa.

Jumuiya ilijaribu. Novemba 2022 jeshi la kikanda lilianza kupelekwa mashariki mwa Kongo, na Desemba 2023 likaondoka baada ya Kinshasa kukataa kuongeza muda wake kwa kutoridhika na kazi yake. Nafasi hiyo ikachukuliwa na jeshi la SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo Kongo ni mwanachama wake pia. Goma iliangukia mikononi mwa M23, kundi la waasi ambalo Kongo inasema linaungwa mkono na Rwanda, Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa jumuiya zote mbili walikutana Dar es Salaam wakitaka mapigano yasitishwe. Kongo pia ilifungua shauri dhidi ya Rwanda katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na shauri hilo lilisikilizwa hapa Arusha Septemba 2024. Mahakama inaweza kutamka haki. Haina askari wa kuitekeleza.

Kizuizi kikubwa ni yale maafikiano niliyoyasifu hapo awali. Katika maamuzi ya kawaida, nchi inayolalamikiwa inaketi mezani, na bila ridhaa yake hakuna azimio. Hata hivyo Mkataba una njia ambayo watu wachache huisoma. Kifungu cha 146 kinaruhusu nchi kusimamishwa uanachama ikishindwa kuzingatia misingi ya Jumuiya, cha 147 kinaruhusu kufukuzwa, na cha 148 kinaeleza kwamba katika maamuzi hayo maoni ya nchi inayojadiliwa hayahesabiwi. Tangu mwaka 2000 wakuu wa nchi hawajawahi kuvitumia dhidi ya yeyote. Sheria ipo, kilichokosekana ni utayari wa kisiasa, na katika hilo siilaumu nchi moja.

Wanafunzi wakiuliza kama Kongo inaweza kutoka, wasomee Kifungu cha 145. Bunge la nchi linatakiwa kupitisha azimio kwa wingi wa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha Katibu Mkuu apewe taarifa ya maandishi ya miezi 12, na katika miezi hiyo nchi inaendelea kubanwa na wajibu wake wote, pamoja na michango.